Paka wangu wa bure anauzwa kwenye fulana za watu

Barua

Mshauri, shikamoo.

Kwa miaka mitatu sasa naweka mtandaoni michoro, picha na video za wanyama: paka wangu wawili, mbwa wa nyumbani, na kunguru anayekuja dirishani. Vingi ni vichekesho. Kuna paka anayejiona mkurugenzi, kuna kunguru anayedai kodi ya dirisha. Sitaki hela. Nataka mtu acheke, amtumie mwenzake, na anayejifunza kuchora apate pa kuanzia. Chini ya kila kazi huandika: "Chukueni, ni bure."

Mambo matatu yamenivunja moyo. Paka mkurugenzi nimemkuta kwenye fulana zinazouzwa, jina langu limekatwa, nilipolalamika, muuzaji akanijibu, "Si ulisema ni bure?" Kisha video ya mbwa niliyemvisha kofia na miwani imetazamwa kuliko kazi zangu zote, lakini watu kadhaa wameniandikia kuwa mbwa anataabika. Mimi naona anatabasamu. La tatu, nachora kwa kalamu ya wino ya milimita 0.3 kwenye karatasi ya A4, napiga picha kwa simu, najitumia kwa programu ya ujumbe hadi kwenye kompyuta, halafu naweka mtandaoni. Kikifika kule mistari ina ukungu, karatasi imekuwa ya kijivu, na wapo wanaouliza kichekesho kiko wapi.

Rafiki mmoja ananiambia nipige jina kubwa katikati ya kila picha. Mwingine anasema nifute kila kitu. Nishike lipi? Na la utani, lakini nalo nijibu: paka akibonyeza simu mwenyewe, picha ni ya nani?

Mtumwa wa Paka Wawili

Jibu

Marahaba, Mtumwa wa Paka.

Usifute kitu, na jina usilipige katikati ya uso wa paka. Jina kubwa humsumbua msomaji mwema tu. Mwizi ana programu ya kulifuta, na kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Kwenye kibonzo hasara ni mara mbili, kwa kuwa kichekesho hukaa machoni na mdomoni mwa mnyama, na ndipo hasa jina linapoangukia.

Kilichokuponza ni neno "bure". Bure ni bei. Haisemi aliyechukua aende kufanya nini. Mgeni hunywa maji bure, lakini hajazi ndoo akaenda kuyauza. Wewe ulitaja bei ukaacha masharti, na muuzaji wa fulana akajiwekea ya kwake.

Kisheria mkono wako hauko mtupu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaofuatwa na nchi zaidi ya 180, unampa mchoraji hakimiliki tangu kazi inapozaliwa, bila kusajili na bila kuweka alama yoyote. Kwa michoro, muda wa chini ni uhai wa mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Mkataba huo huo unamlinda msanii atambuliwe kuwa kazi ni yake hata akiwa ameshagawa haki ya kuiuza, kwa hiyo kukata jina ni kosa lililo mbali na lile la kuuza. Ila ukishaandika "chukueni" umefungua mlango, na mnachobishania sasa ni upana wake. Upana huo uandike wewe mwenyewe, mapema.

Njia iliyozoeleka ni leseni za Creative Commons (CC), yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwenye kazi huchagua na kubandika, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Toleo linalotumika sasa ni 4.0, la mwaka 2013. Zimejengwa kwa vipande vinne. BY ni taja jina la mwenye kazi. NC ni usitumie kwa biashara. SA ni ukiibadilisha, nawe igawe kwa masharti yale yale. ND ni usisambaze kilichobadilishwa. Vipande hivyo hupangwa kupata leseni sita, na pembeni kuna CC0, ambayo ni kuachia kila kitu, hata kutajwa jina.

Wengi waliowahi kuibiwa hukimbilia ND wakidhani ndiyo kinga. Kwa vichekesho hiyo ni kujifunga miguu. Mtu akibadilisha maneno kwenye kiputo cha paka mkurugenzi na kukisambaza mtandaoni, tayari amevunja masharti yako, wakati hilo ndilo ulilotaka litokee. Kwa vibonzo vyako chukua CC BY-NC 4.0: wasambaze, wabadilishe, wataje jina, wasiuze. Picha za paka ulizopiga ili wanaojifunza wachoree ziweke kwa CC BY au hata CC0, maana mwanafunzi akiuza mchoro wake wa kwanza uliotokana na picha yako, hutaki ajione mwizi.

Kabla ya kubandika, fahamu mambo mawili. Leseni hizi hazirudishwi nyuma. Kesho unaweza kuacha kuitoa, lakini aliyepata kazi leo chini ya masharti hayo anabaki na ruhusa yake. Na huwezi kugawa kisicho chako: kama kunguru wako ulimfuatisha mstari kwa mstari kutoka picha ya mpiga picha mwingine, mchoro huo hauna leseni ya kutoa mpaka mwenye picha akubali. Pitia kazi za zamani kwa jicho hilo. Kwa upande mwingine, NC haikuzuii wewe kumruhusu mtu kuuza. Mwalimu akiomba kuweka kunguru kwenye kijitabu anachokiuza, mjibu kwa maandishi, umempa, basi.

Maneno ya kuweka chini ya kila kibonzo badala ya "chukueni, ni bure" yawe hivi: "Mchoro na maneno: Mtumwa wa Paka Wawili. Ruksa kusambaza na kubadilisha kwa kutaja jina na kuweka kiungo cha ukurasa huu. Si kwa kuuza. CC BY-NC 4.0." Yarudie kwenye maelezo ya ukurasa wako, na uyaingize pia kwenye sehemu ya hakimiliki ndani ya faili. Usiitegemee hiyo ya faili peke yake, kwa kuwa mitandao mingi hufuta taarifa za ndani ya picha wakati wa kupakia.

Saini nayo ihame kutoka kwenye kona. Kona hukatwa kwa kidole kimoja. Iandike ndani ya mchoro, ikipita kwenye kitu ambacho kikikatwa picha inaharibika: ukingo wa meza ya mkurugenzi, kivuli cha mkia, utepe wa kiti. Kwa picha yenye kimo cha pikseli 1350, saini ya pikseli 35 hadi 40 inasomeka bila kumpigia kelele msomaji.

Sasa mbwa. Waliokuandikia huenda wameona usichokiona, na kuhakikisha si kazi ngumu. Itazame video bila sauti, kwa mwendo wa nusu, ukimkazia macho mbwa kana kwamba kofia haipo. Je, weupe wa jicho umetokeza kama mwezi mwandamo? Analamba pua wakati hakuna chakula? Anapiga miayo ilhali hana usingizi? Anageuza kichwa pembeni huku macho yamebaki kwako, anainua mguu mmoja wa mbele, amelaza masikio, amebana mkia, amekauka kama sanamu? Dalili moja haitoshi kuhukumu. Mbili au tatu ndani ya sekunde kumi zinatosha.

Tabasamu unaloliona ndilo linalowadanganya wengi. Mbwa aliyetulia hufungua mdomo kwa ulegevu, midomo ikining'inia, macho laini. Mbwa mwenye wasiwasi hufungua mdomo pia, lakini pembe za midomo zimevutwa nyuma kabisa, ngozi ya shavu ina mikunjo, ulimi umetanuka mwishoni kama kijiko, na anahema wakati hakuna joto. Kwenye picha mnato vyote viwili huonekana kama kicheko, na ndiyo maana picha mnato ni shahidi mbaya. Sokwe ni mfano mkali zaidi: anapofunua meno ya juu na ya chini kwa pamoja, kwa kawaida hiyo ni hofu au kunyenyekea. Sokwe anayecheza huulegeza mdomo na kuficha meno ya juu.

Mtandao umejaa vichekesho vilivyojengwa juu ya makosa ya aina hii. Lorisi, mnyama mdogo wa Asia anayefanana na komba, ametazamwa na mamilioni akiinua mikono juu anapotekenywa, watu wakisema anafurahia. Kuinua mikono ndiko kujihami kwake: karibu na kiwiko ana tezi, akiilamba majimaji yake huchanganyika na mate na kung'ata kwake kunakuwa na sumu. Mwaka 2015 ukaja mtindo wa kumwekea paka tango nyuma yake akiwa anakula. Paka anaruka kwa sababu kitu kimetokea ghafla mahali alipopaona salama, na anaweza kuogopa kulia chakula pale tena. Hata ile sura ya mbwa "anayejutia kosa" ni yetu sisi. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, aliipima mwaka 2009 na kukuta sura hiyo hutokea zaidi mwenye mbwa anapokemea, awe mbwa amekosa au hajakosa.

Paka nao wana lugha yao: masikio yamelala kando kama mabawa ya ndege, mkia unapigapiga sakafu, mboni zimetanuka kwenye mwanga wa kutosha, ngozi ya mgongo inacheza yenyewe. Kukoroma si cheti cha furaha. Paka mgonjwa au mwenye maumivu hukoroma pia.

Ukitaka kofia kwa vyovyote, iweke sakafuni kwanza, ainuse. Mguse nayo kichwani sekunde tano, iondoe, mpe kitu anachokipenda. Rudia mara tatu kabla ya kuifikiria kamera. Mlango uwe wazi, na asiwepo anayemshika. Akiikwangua, akikauka au akiondoka, shughuli imekwisha kwa siku hiyo. Kwa mbwa aliyeikubali, dakika moja ya kurekodi inatosha kabisa.

Lakini wewe una penseli! Mchoro unaweza kumvisha mbwa koti, tai na miwani ya kusomea, ukamkalisha kwenye kikao cha bajeti saa nzima, na mbwa halisi akawa amelala chini ya kiti bila habari. Hili si wazo la mtandao. Jumba la makumbusho la British Museum lina mafunjo ya Misri ya kale, yenye zaidi ya miaka 3000, yaliyochorwa simba akicheza na swala mchezo wa kusogeza kete ubaoni, wamekaa vitini kama watu. Kinachochekesha ni kwamba simba amebaki simba na swala amebaki swala, na kila mtazamaji anajua mchezo huo kwa kawaida huishaje. Hakuna aliyelazimika kumkalisha simba kitini.

Na hapo ndipo vibonzo vingi vya wanyama vinapokufa: mnyama anageuzwa mtu kabisa, anabaki mtu mwenye masikio marefu. Edward Lear wa Uingereza, aliyesifika kwa mashairi na michoro ya upuuzi wa kuchekesha, alianza na kazi isiyo na mzaha hata kidogo. Akiwa hajafikisha miaka 21 alichora kasuku wakiwa hai katika bustani ya wanyama ya London, kwa usahihi uliowaridhisha wataalamu wa ndege. Upuuzi ulikuja baada ya mifupa kukaa mahali pake. Kwa paka na mbwa, kosa la kwanza huwa mguu wa nyuma. Kile kiungo kinachopinda kuelekea nyuma si goti, ni kisigino. Goti liko juu, karibu na tumbo. Ukikichora kama goti, unapata mtu aliyevaa ngozi ya paka. Mboni ya paka mwangani ni mstari wa wima, ya mbwa ni duara, ya mbuzi imelala. Ukishapata hivyo vitatu, kuza kitu kimoja tu. Mkaao wa kibosi unatosha. Ukiongeza sigara, saa ya dhahabu na tumbo, msomaji hajui acheke wapi.

Mnyama hatulii, kwa hiyo usichore umbo moja mpaka liishe. Gawa karatasi mara sita, anza umbo jipya kila anapogeuka, na akirudi kwenye mkao wa mwanzo, nawe rudi kwenye mchoro wa mwanzo. Paka hurudia mikao ile ile kwa nusu saa nzima.

Ukungu wa mistari yako una hesabu. A4 iliyoskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ina upana wa pikseli 2480. Mstari wa milimita 0.3 hapo ni pikseli tatu na nusu. Ukiipunguza hadi upana wa 1080, ambao mitandao mingi inautumia kwenye simu, mstari unabaki pikseli moja na nusu, na kompyuta haina nusu ya pikseli. Inapaka kijivu pembeni. Huo ndio ukungu. Kalamu ya milimita 0.8 inabaki na pikseli nne, nyeusi, safi. Kwa hiyo tumia 0.8 kwa mistari mikuu na 0.5 kwa manyoya, au endelea na 0.3 yako lakini uchore kwenye karatasi ndogo, nusu ya A4, ili kupunguza kuwe kidogo.

Uchafu wa pili unatoka kwenye programu ya ujumbe. Picha ikipita humo kama picha, hubanwa upya kwa mtindo wa JPEG, ambao huigawa picha katika viraka vya pikseli 8 kwa 8 na kukisia rangi za kila kiraka. Uso wa paka kwenye picha ya kamera unavumilia. Mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe hauvumilii, ndiyo maana unaona vumbi kuzunguka wino. Kila ukihifadhi tena, vumbi linaongezeka. Hamisha kwa waya, au itume kama faili na si kama picha. Nakala kuu ihifadhi kama PNG au TIFF, aina za faili zisizopunguza ubora, na usiiguse tena. Ya mtandaoni itoe kutoka hiyo kila mara. Kibonzo cha mistari kitoe PNG, picha ya kamera JPEG ya ubora wa 85, zote kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, la sivyo rangi zitapauka kwenye baadhi ya vioo. Pakia kwa upana ule ule mtandao unaoutaka, maana ukileta kubwa wenyewe wataipunguza, na hawatakuuliza vipi.

Kama huna skana, simu inaweza. Karatasi iwe kando ya dirisha bila jua la moja kwa moja, simu iwe sambamba nayo. Simama nyuma kidogo uikuze picha kwa mara 2, kwa sababu lenzi pana ikisogezwa karibu hupinda kingo. Karatasi inakuwa ya kijivu kwa kuwa kamera hudhani kila kitu ni cha mwanga wa wastani. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga. Pandisha mwanga kwa +0.7 hadi +1. Paka mweusi akijaza picha nzima kosa ni lile lile kinyume chake: kamera inamfanya wa kijivu, nawe shusha hadi -0.7. Ukimpiga mnyama anayekimbia, kasi iwe 1/500 ya sekunde, akiruka 1/1000. Usitumie mwanga wa kamera. Nyuma ya jicho la paka na mbwa kuna tabaka linaloakisi mwanga, utapata taa mbili za kijani badala ya macho, na mnyama atashtuka juu yake.

Wanaouliza kichekesho kiko wapi mara nyingi hawajakiona kabisa. Kibonzo kirefu chenye visanduku vinne, mtandao hukikata na kuonyesha katikati, na pengine kisanduku cha nne hakionekani kabisa. Kigawe kiwe picha nne za mraba, 1080 kwa 1080, kichekesho kikae peke yake kwenye ya mwisho. Herufi zisipungue pikseli 44. Kwenye simu yenye kioo cha upana wa sentimita 6 na nusu, herufi ya 30 haifiki milimita 2, na msomaji amesimama kwenye foleni, hana miwani. Maneno yasizidi 20 kwa kisanduku. Cha tatu kiache bila neno lolote, paka anatazama tu. Kimya hicho ndicho kinachobeba cha nne. Na maelezo ya juu ya picha yasifichue mwisho. Mtu akiandika "Hahaha, mkurugenzi kalala kwenye kikao!" ameshamaliza kazi kabla mchoro haujafunguka.

Andika pia maelezo kwa wasioona, yale yanayosomwa na programu ya sauti. Sentensi mbili zinatosha, na mpangilio wa kichekesho ubaki: "Paka mwenye tai amekaa kwenye kiti kikubwa, wafanyakazi wanasubiri uamuzi wake. Anasukuma kikombe kianguke." Hakuna haja ya kuanza na "picha ya", programu imeshasema ni picha.

Hukuuliza kuhusu mahali, lakini unapiga nyumbani, na simu nyingi huandika viwianishi vya GPS ndani ya picha. Mwaka 2014 msanii na mhadhiri Owen Mundy wa Florida aliweka kwenye ramani picha zipatazo milioni moja za paka zilizokuwa wazi mtandaoni, kwa kusoma taarifa hizo tu. Paka hawakujali. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera, na za zamani zisafishe kabla ya kuzigawa kwa faili asilia. Kwa mnyama wa porini, kiota au mnyama anayewindwa, usitaje mahali hata kwa maneno, na angalia mandhari ya nyuma: kilima au mnara unaweza kueleza kila kitu.

Turudi kwa muuzaji wa fulana. Kwanza kusanya: picha ya skrini ya bidhaa ikiwa na tarehe, kiungo chake, mchoro wako wa penseli wa awali, faili kuu, na kiungo cha siku ulipouweka mtandaoni. Mwandikie mara moja, kwa utulivu, bila kubishana juu ya neno "bure". Mwambie kazi ni yako, jina limekatwa bila ruhusa yako, hukutoa ruhusa ya kuuza, na unataka bidhaa ishushwe ndani ya siku saba. Ukipenda mpe njia ya pili: arudishe jina na mapato yaende kwenye makazi ya wanyama wasio na wenyewe, kwa maandishi. Wapo wanaokubali, hasa waliodhani kweli kwamba bure ni pamoja na kuuza.

Akikataa, usimfuate kwenye maoni. Peleka lalamiko la hakimiliki kwa jukwaa linalomuuzia. Majukwaa makubwa mengi yana fomu inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na yatakutaka ueleze kazi yako ni ipi, nakala iko wapi, unapatikanaje, utamke kwa nia njema kuwa hakuna ruhusa, uthibitishe kwa kiapo kuwa wewe ndiye mwenye haki, kisha usaini. Jina na anwani utakazojaza kwa kawaida hufikishwa kwa unayemlalamikia, kwa hiyo tumia barua pepe ya kazi na si ya nyumbani. Naye ana nafasi ya kupinga. Akifanya hivyo na wewe usipofungua kesi, bidhaa inaweza kurudi baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Na kwa kuwa neno lako la zamani lilikuwa pana, ambatisha hoja ya jina lililokatwa. Hiyo hakuipata kwenye "chukueni".

Wanaosambaza bila jina na hawauzi, waachie. Weka kiungo cha kazi asilia kwenye maoni, tena kwa utani, wasomaji watakuja wenyewe. Mara moja kwa mwezi tafuta kwa picha, kwa TinEye au Google, zile kumi zilizosambaa zaidi. Kuzifuatilia zote ni ajira, nawe ulisema hutaki hela.

Kuhusu paka na simu, swali lako limeshafika mahakamani. Kima mweusi wa Sulawesi alibonyeza kamera ya mpiga picha David Slater na kujipiga, na picha zikaenea mwaka 2011. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikasema mwaka 2014 kuwa haisajili picha iliyopigwa na mnyama, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya huko ikaamua kuwa kima hawezi kushtaki kwa sheria ya hakimiliki. Kwa hiyo paka akibonyeza bila msaada wako, usibandike leseni ya CC BY-NC kwenye picha hiyo; huenda huna cha kugawa. Iweke bila masharti, jina la paka chini.